Kwa nini plasta ya nikotini huachwa boksi halijaisha

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa wajawazito 1,050 waliokuwa wakivuta sigara. Takriban nusu yao walipewa plasta za nikotini za miligramu 15, zinazopitisha nikotini kwenye ngozi ili kumsaidia mtu kuacha sigara, za kubandika saa 16 kila siku. Wengine walipewa plasta zinazofanana nazo kwa sura lakini hazina dawa. Hadi siku ya kujifungua, walioacha sigara walikuwa asilimia 9.4 upande wa nikotini na 7.6 upande wa plasta tupu, tofauti ndogo mno isiyoweza kutegemewa. Ukiishia hapo utasema plasta haifanyi kazi.

Ripoti hiyohiyo ina namba nyingine mbili ambazo hazitajwi sana. Mwezi mmoja baada ya kuanza, walioacha walikuwa asilimia 21.3 kwa 11.7. Na wanawake waliotumia plasta ya nikotini kwa zaidi ya mwezi mmoja walikuwa asilimia 7.2 tu. Yaani mwanzoni, plasta zilipokuwa bado mwilini, walioacha walikaribia kuwa mara mbili. Kisha plasta zikabanduka, na faida ikayeyuka nazo. Tuongeze kwamba mwili wa mjamzito huondoa nikotini kwenye damu haraka kuliko kawaida, kwa takriban asilimia 60 zaidi, kwa hiyo huenda hizo miligramu 15 zilikuwa chache tangu mwanzo.

Wajawazito wana sababu zao za kuogopa dawa yoyote, lakini mambo mengine yanayowafanya watu wabandue plasta ni yaleyale kwa dereva wa daladala, mlinzi wa usiku na karani wa ofisini. Mengi yanarekebishika siku hiyohiyo, ila anayebandua huwa hamwambii mtu. Anasema tu, "mimi ilinishinda".

Sababu kubwa kuliko zote ni kusubiri plasta ifanye kazi ya sigara. Sigara moja huingiza mwilini takriban miligramu moja hadi moja na nusu ya nikotini, na moshi ukishavutwa nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hadi ishirini. Ule utulivu unaoujua mvutaji unatokana na kasi hiyo. Plasta ya miligramu 21 hutoa chini kidogo ya miligramu moja kwa saa, mfululizo, kama dripu, na huchukua saa kadhaa tangu ibandikwe mpaka kiwango kwenye damu kifike juu. Hata kikifika huko, kwa kawaida ni takriban nusu ya kile ambacho mvutaji wa pakiti moja kwa siku alikuwa nacho. Inatosha kupunguza hasira, kuchanganyikiwa na ile njaa isiyoshiba. Haikupi raha yoyote, na hakuna dakika ambayo utahisi "hii hapa imeingia".

Sasa mchukue mtu aliyezoea kuwasha ya kwanza kabla hata ya kunawa uso. Anabandika plasta yake ya kwanza saa mbili asubuhi. Saa tatu anahangaika, saa nne mikono haitulii, saa nne na nusu ameshaamua kwamba ameuziwa plasta feki. Nikotini kwenye damu yake bado inapanda kuelekea kiwango kinachotakiwa. Kama angeambiwa kabla kwamba asubuhi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na akapewa kitu cha haraka cha kushikia nafasi, angefika mchana.

Hicho cha haraka ni chingamu au pipi ya kunyonya ya nikotini, pamoja na plasta. Wapo wanaodhani kuchanganya ni kuzidisha dozi. Uchambuzi wa majaribio mengi uliofanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti, umeonyesha kwamba plasta ikiongezewa kitu cha haraka huwafikisha watu wengi zaidi, takriban robo zaidi, kuliko aina moja peke yake. Plasta inashika siku nzima, chingamu inashika zile dakika tatu hadi tano ambazo hamu inapanda: baada ya chakula, kijiweni, kwenye foleni, baada ya kugombana. Chingamu ya miligramu 4 ni ya anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke, ya 2 ni ya wengine. Nayo ina namna yake. Unatafuna taratibu mpaka ladha ya pilipili itoke, unaiegesha kati ya shavu na ufizi mpaka ladha ipotee, unatafuna tena, na hivyohivyo kwa nusu saa. Ukiitafuna mfululizo kama ya dukani, nikotini inamezwa na mate, tumbo linachafuka, kwikwi zinaanza, na lawama inaishia kwa plasta. Usinywe soda, kahawa wala juisi dakika 15 kabla yake, maana uchachu mdomoni huzuia nikotini isipite.

Baada ya hapo ni kipimo. Maelekezo ya kwenye boksi za plasta za saa 24 huwa hivi: anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku aanze na miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili; anayevuta 10 au chini aanze na 14 kwa wiki sita, amalizie na 7 kwa wiki mbili. Zile za saa 16 zina namba zake, 25, 15 na 10, kwa hiyo usilinganishe namba ya boksi moja na ya boksi lingine.

Tatizo ni kwamba kuhesabu sigara peke yake kunadanganya, hasa kwetu ambako sigara hununuliwa moja moja. Mtu anayevuta nane kwa siku kwa sababu mfuko haumruhusu kumi na tano huvuta kila moja kwa nguvu, huubana moshi kifuani, na haachi mpaka moto uguse kichungi. Nikotini anayoitoa kwenye hizo nane inaweza kulingana na ya jirani yake wa pakiti nzima. Ukimpa 14 kwa sababu amesema "nane", arosto inamkuta siku ya pili. Swali linalosema ukweli zaidi ni: ukiamka, unakaa dakika ngapi kabla ya ya kwanza? Akijibu chini ya nusu saa, mfamasia anayejua kazi yake ataanza kufikiria 21, hata kama idadi ni ndogo.

Kutofautisha nikotini iliyozidi na iliyopungua kunawachanganya wengi kwa sababu kichwa kuuma na usingizi kukata huwa kwenye pande zote mbili. Iliyozidi huja na kichefuchefu, jasho la baridi, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, saa chache baada ya kubandika, na hutulia plasta ikitolewa. Iliyopungua huja na hasira, kutotulia, njaa na hamu isiyoisha, na hutulia ukitafuna chingamu. Katika watu wanaoacha plasta mapema, hawa wa pili ndio wengi, na ajabu ni kwamba mara nyingi hujishusha dozi wenyewe wakidhani plasta ni kali.

Kuhusu usingizi nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo plasta nyingi za saa 24 zinapobandukia. Nikotini ikiingia usiku kucha huleta ndoto nzito, zenye rangi na kelele, na mtu anaamka kachoka. Dawa yake ni kuibandua saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa sababu nikotini iliyokwisha kuingia kwenye ngozi huendelea kupita kwa muda hata baada ya plasta kutoka. Gharama yake ni asubuhi: unaamka huna kitu kwenye damu, kwa hiyo chingamu iwe kando ya kitanda na plasta mpya ibandikwe mara tu ukitoka kuoga. Jaribu hivyo usiku mbili tatu. Kama bado usingizi hauji, plasta haina kosa. Kuacha sigara kwenyewe huvuruga usingizi kwa wiki za mwanzo.

Kisha kuna kahawa, ambayo karibu hakuna anayeishuku. Lami ya moshi wa sigara huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linapunguza kasi, na vikombe vilevile vya kahawa chungu ulivyokuwa ukinywa barazani vinaacha kafeini nyingi zaidi kwenye damu. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usiku macho makavu, na plasta ndiyo inayobanduliwa. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya saa tisa alasiri usiiguse. Kimeng'enya hichohicho hushughulikia dawa kadhaa, zikiwemo klozapini, olanzapini na theofilini. Anayetumia mojawapo amwambie daktari kabla ya kuacha sigara, maana dozi yake inaweza kuhitaji kupunguzwa. Nikotini ya plasta haichochei kimeng'enya hicho, kwa hiyo kubaki na plasta hakubadilishi hesabu hii.

Ngozi. Kuwashwa dakika 15 hadi saa moja baada ya kubandika ni kawaida, na alama nyekundu ya mraba baada ya kubandua ni kawaida pia. Hadi nusu ya watumiaji hupata kitu cha namna hiyo, lakini wanaolazimika kuacha kwa sababu ya ngozi ni chini ya asilimia 5. Hama mahali kila siku: bega la kulia, la kushoto, kifua cha juu, nyonga, na usirudi palepale kabla ya wiki kupita. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 hupakwa palipotoka plasta, kamwe isipakwe pale inapokwenda mpya. Wekundu usioondoka baada ya siku nne, uvimbe au malengelenge ni dalili ya mzio, na hapo unaacha na kumwona mtaalamu.

Kwa watu wa pwani, Dar, Mombasa, Muscat, shida kubwa kuliko kuwashwa ni jasho. Plasta inakunja pembe saa sita mchana, jioni imehamia kwenye shati. Mara nyingi chanzo ni mafuta. Anaoga, anajipaka mafuta ya nazi au losheni mwili mzima kama kila siku, ndipo anabandika juu yake. Acha sehemu yenye ukubwa wa kiganja bila mafuta. Ngozi iwe imekauka kabisa, na feni inasaidia. Kama pana nywele, zipunguze kwa mkasi badala ya kunyoa wembe, kwa sababu ngozi iliyotoka kunyolewa huwaka. Bandika upande wa nje wa mkono wa juu, mbali na kwapa, kisha kandamiza kwa kiganja sekunde 10 nzima ukipita na kidole kwenye kingo. Pembe ikiinuka, ongeza plasta ya kawaida ya kidonda kuishikilia. Ikidondoka, weka nyingine na uitoe muda uleule wa kila siku. Osha mikono kwa maji matupu, kwani sabuni huongeza nikotini inayopenya kwenye vidole, na usiguse macho kabla ya hapo.

Joto lina upande mwingine. Jua kali na kazi nzito huongeza damu kwenye ngozi, na damu ikiongezeka nikotini huingia haraka zaidi. Fundi wa zege anayesikia kichefuchefu saa saba mchana na nafuu jioni aihamishie nyonga, chini ya nguo, kabla ya kukata shauri kwamba dozi ni kubwa. Kwamba nikotini hupita kwenye ngozi wakulima wa tumbaku wanalijua kwa matumbo yao: anayechuma majani mabichi yenye umande, iwe Urambo au North Carolina, anaweza kutapika siku nzima bila kuvuta hata moja. Murray Jarvik na Jed Rose wa chuo kikuu cha UCLA, katika kazi iliyozaa plasta miaka ya 1980, walianzia kwenye ugonjwa huohuo wa wachumaji.

Mlinzi wa usiku asifuate saa ya kwenye karatasi. "Asubuhi" yake ni jioni anapoamka kwenda lindo, na plasta ya saa 16 inabandikwa hapo.

Sababu inayoniudhi kuliko zote ni ya anayebandua kwa sababu ameteleza. Amevuta moja kwenye harusi, akakumbuka amesikia kwamba kuvuta huku umebandika kunasimamisha moyo, akaitoa plasta kwa hofu, na kesho yake amerudi kwenye pakiti. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1992, plasta zilipokuwa mpya madukani Marekani, zilivuma habari za watu waliopata mshtuko wa moyo wakivuta na plasta mwilini. Tafiti zilizofuata hazikukuta kwamba plasta inaongeza hatari hiyo, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu onyo hilo liondolewe kwenye maelekezo: ukiteleza, usiache plasta, endelea kujaribu. Aliyeteleza na plasta mwilini yuko mahali pazuri kuliko aliyeteleza bila plasta. Mwenye mshtuko wa moyo wa wiki hizi mbili, mapigo yasiyo ya kawaida au kifua kinachouma kwa kuzidi aongee na daktari kwanza, ingawa daktari huyo naye atamwambia kwamba sigara ni mbaya zaidi.

Kuteleza kuna maana nyingine inayofaa kutazamwa. Wiki mbili za mwanzo hutabiri mengi: asiyevuta kabisa katika siku hizo ana nafasi kubwa zaidi ya kufika mwisho. Kwa hiyo anayevuta mbili tatu kila siku juu ya plasta wiki ya kwanza anahitaji kurekebishiwa mpango siku hizohizo, kwa kupandishiwa dozi au kuongezewa chingamu. Kumwambia "ongeza nia" hakumsaidii.

Wengine wanaamini nikotini ndiyo inayoleta saratani, kwa hiyo plasta wanaiona sumu ileile kwa mlango mwingine, na huivaa siku moja na kuacha siku mbili. Saratani na mapafu kuharibika hutokana na lami na mamia ya kemikali za moshi, na damu hunyang'anywa oksijeni na kaboni monoksaidi. Nikotini ndiyo inayofunga mtu, na inafunga kwa kasi yake. Ikija polepole kupitia ngozi, ni wachache mno wanaonasa kwenye plasta.

Halafu pesa. Mpango wa wiki kumi ni plasta 70. Sigara unainunua kwa sarafu iliyobaki mfukoni, plasta inataka noti za boksi zima kwa mpigo, na mara nyingi utaipata kwenye famasia kubwa za mjini tu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, lakini kuwa kwenye orodha ya Geneva hakuiweki kwenye kabati la zahanati. Ndipo mtu anapokata ya 21 vipande viwili ili zidumu. Usikate. Nikotini hupotea hewani kupitia ukingo uliokatwa, na zile zenye mfuko wa dawa ndani zinaweza kuvuja yote mara moja. Fedha ikitosha wiki nne tu, afadhali wiki nne za kipimo kamili, za mwanzo, kuliko wiki nane za nusu.

Ramadhani inastahili maneno machache. Wavutaji wengi huuchagua mwezi huo kuacha, na ni uchaguzi mzuri, kwa sababu mchana wa saa kumi na tatu umeshafanya nusu ya kazi. Chingamu inafunguza, lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliorodhesha plasta za dawa zinazopenya kwenye ngozi miongoni mwa visivyobatilisha saumu. Wapo masheikh wanaoitenga ya nikotini, kwa hiyo muulize wako kabla ya mwezi kuandama. Anayeacha kwa saumu peke yake, bila plasta, huanguka baada ya futari, na usiku wa Idi ndio mbaya zaidi. Plasta iwe imeshaanza kufikia hapo, na isitolewe mwezi ukiisha.

Plasta yenyewe isipewe sifa isizo nazo. Kwenye jaribio la EAGLES la mwaka 2016, lenye watu 8,144, waliokaa bila sigara tangu wiki ya 9 hadi ya 24 walikuwa asilimia 15.7 kwa plasta, 21.8 kwa vareniklini, vidonge vya kuachia sigara, na 9.4 kwa waliopewa vitu visivyo na dawa ndani. Wengi walirudi kuvuta katika kila kundi. Wapo pia ambao ini lao huvunja nikotini haraka sana, na kwao plasta hushika kidogo; aliyeivaa sawasawa wiki mbili, dozi kamili na chingamu juu, na bado anateseka, aulizie vidonge badala ya kurudia boksi lilelile.

Kuna anayeacha plasta kwa sababu anajiona amepona. Wiki ya tatu hana hamu, pumzi imerudi, anaona aibu kuonekana na plasta mkononi, anaitoa. Utulivu ule ulikuwa kazi ya plasta. Siku nne baadaye hasira inarudi bila sababu anayoijua, na hapo kijiweni kuna mtu mwenye kiberiti. Aliyejisikia vizuri wiki ya tatu ahesabu mpaka ya nane kabla ya kufikiri kuacha. Baada ya hapo mambo ni mepesi kuliko boksi linavyosema: majaribio yaliyolinganisha kushuka ngazi kwa ngazi na kukoma moja kwa moja hayakuona tofauti ya maana. Aliyefika wiki ya nane bila sigara na hana fedha ya boksi la 7 anaweza kuishia kwenye 14. Zilizotumika akunje upande wa gundi ndani, azirudishe kwenye pakiti yake na kutupa mbali na watoto, kwa sababu plasta iliyovaliwa siku nzima bado ina nikotini ya kutosha kumwangusha mtoto.